Jicho la Kulia la Baba Mdogo

Baba mdogo alikuwa na mwandiko ambao watu walipanda ngazi za ghorofa mbili kuufuata. Chumba chake cha kazi kilikuwa Kariakoo, katika jengo ambalo chini wanauza vitambaa na juu limejaa mafundi saa, mafundi simu na washonaji. Ukifika mlangoni ulimkuta ameinamia meza, taa ya shingo ndefu inamulika vidole vyake, anachonga majina. Alichonga kwenye pete, kwenye migongo ya saa, kwenye makombe ya shule na vibao vya shaba vya milangoni. Hakuwa na kawaida ya kuchora kwanza kwa penseli. Alikishika kitu, akakigeuza mara mbili tatu, kisha akashusha patasi yake ndogo, na jina likatoka limekaa katikati, halijabana wala halijatawanyika.

Familia za Kihindi za Upanga zilimletea vyombo vya shaba vya harusi na karatasi yenye maneno ya Kigujarati. Hakujua kusoma hata herufi moja ya lugha hiyo. Alikuwa anaitazama karatasi kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama sura ya mgeni ili asije akamsahau, halafu anachonga. Wenyewe walikuja, wakasoma kwa sauti, wakatingisha vichwa. Hakukosea nukta.

Sitaki kumfanya malaika. Alijiona, na ugomvi haukumpa shida. Akisikia mteja wake amepeleka kazi kwa fundi mwingine, hakumsalimia mwezi mzima. Ukimwita "mzee wa kuchora" alikuuliza kama ulishamwona na brashi. Suruali yake ilipigwa pasi mpaka mstari ukasimama, na hakukubali kwenda kazini bila hivyo, hata umeme ukikatika. Mama mdogo aliamka kuwasha pasi ya mkaa.

Hao wawili ndio walionilea. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tatu. Baba mdogo na mkewe, ambao Mungu hakuwajalia mtoto, wakanichukua nyumbani kwao Magomeni, nikawa binti yao. Walinisomesha mpaka chuo cha ufundi, nikachukua elektroniki. Siku niliyomaliza, baba mdogo alinichongea jina langu kwenye bisibisi. Alisema fundi asiye na jina kwenye vifaa vyake ataibiwa.

Mashine ya leza niliileta mimi. Wakati ule shule nyingi zilikuwa zimeacha kuja. Makombe yalikuwa yanakuja yameshaandikwa, na wale waliobaki walitaka vibao hamsini kesho asubuhi. Nikasikia kuna kiwanda Barabara ya Pugu kimefunga milango na kinauza vifaa vyake. Nikaenda, nikaikuta mashine kuukuu ya kuandikia vyuma, kubwa kama kabati, vumbi tupu. Nilimweleza baba mdogo wakati wa chakula.

"Hiyo mashine itaandika kama mimi?" akauliza.

"Haitaandika kama wewe, ba'mdogo. Itaandika vibao hamsini wakati wewe unaandika kimoja."

"Basi hiyo siyo kuandika. Huko ni kugonga mhuri."

Mama mdogo alimwambia agonge mhuri basi, maana vidole vyake vilishaanza kukakamaa asubuhi na kila mtu mle ndani alikuwa anaona. Wiki iliyofuata tuliipandisha mashine ghorofani, wabebaji sita wakilaani kila ngazi.

Siku niliyoifungua kuisafisha alivuta kiti akakaa kando yangu. Nilimwonyesha kipande cha kioo, kikubwa kama nusu ya kiberiti, kimefungwa ndani ya kasha dogo la shaba lenye mirija miwili ya maji. Sisi mafundi tunakiita kyuswichi.

"Hiki ndicho mlango," nilimwambia. "Mwanga unapita humu. Hapa ubavuni kuna kipande kimegandishwa, kikipata umeme kinatetemeka, kinapeleka sauti ndani ya kioo. Sauti ikiwa inapita, inausukuma mwanga pembeni kidogo, unakosa njia yake, hautoki. Sauti ikinyamaza, mwanga wote unatoka kwa mpigo mmoja. Inafunga na kufungua maelfu ya mara kwa sekunde, ndiyo inachonga herufi."

Akainama, akasogeza sikio. "Mbona siisikii?"

"Ni nyembamba mno kwa sikio la mtu."

"Na huo mwanga?"

"Nao hauonekani. Lakini unaingia jichoni kama mwanga mwingine. Ndiyo maana nimeleta miwani hii ya kijani. Bila miwani hukai hapa."

Alinitazama. "Kwa hiyo umeniletea sauti isiyosikika na mwanga usioonekana, halafu unataka nikae nao chumba kimoja?"

Tulicheka mpaka fundi saa wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini.

Tulifanya kazi vizuri kwa miaka kadhaa. Mimi nilipanga maandishi kwenye kompyuta, yeye aliweka vibao chini ya lenzi na kuvitoa. Alinisumbua sana kuhusu nafasi kati ya herufi. Alisimama nyuma yangu akisema, "Hiyo A imemkimbia jirani yake, irudishe," na nikiirudisha, kweli kibao kilikuwa kinapendeza. Kazi za Kigujarati hakukubali ziende kwenye mashine. Hizo aliendelea kuzichonga kwa mkono, Jumamosi, chumba kikiwa kimya.

Sasa nieleze nilichokifanya.

Kile kioo kinapata joto kikifanya kazi, kwa hiyo kina mrija wake mwembamba wa maji ya kukipoza. Kwenye mrija huo kuna kifaa kidogo, sensa, kinachohakikisha maji yanapita. Maji yakipungua, sensa inazima mashine nzima. Mwaka ule sensa ilianza kuzima mashine ovyo. Mara moja kwa siku, baadaye mara tano, baadaye kila tukianza kibao. Kulikuwa na kazi ya mahafali, wateja wamekaa kwenye ngazi, simu zinalia. Niliangalia maji nikaona yanapita. Kwenye mrija mkubwa, ule wa kuipoza taa ya ndani inayozaa mwanga, yalikuwa yanapita kwa nguvu kabisa. Nikaamua sensa ni mbovu. Nikachukua kipande cha waya, nikaunganisha nyaya zake mbili moja kwa moja ili mashine iamini kwamba maji yapo wakati wote, nikazungushia utepe mweusi. Kazi ya dakika nne.

"Nimeiunga, ba'mdogo. Haitatusumbua tena."

"Safi, fundi," akasema, na hakuuliza nimeunga nini. Aliniamini kama nilivyouamini mimi mwandiko wake.

Nilisema ni kwa siku mbili tatu. Niliagiza sensa mpya, ikafika baada ya wiki mbili, nikaiweka kwenye droo. Kuibadilisha kulihitaji kumwaga maji yote na kusimamisha kazi kutwa. Nikasema mahafali yaishe kwanza. Yakaisha, zikaja kazi nyingine. Sensa ilikaa kwenye droo ndani ya kifuko chake cha plastiki, na kila nilipofungua droo kutafuta kalamu niliiona.

Sensa ya zamani haikuwa mbovu. Ilikuwa inasema kweli. Maji yetu ya mjini yana chumvi, nasi tulichoka kununua ya chupa tukawa tunajaza ya bomba, na ile chumvi ilikuwa inaganda taratibu ndani ya mrija mwembamba mpaka ukabaki tundu la sindano. Mimi nilikuwa nimekitia kitambaa mdomoni kitu pekee kilichokuwa kinanionya.

Ilikuwa asubuhi, saa nne kasoro. Umeme ulikuwa umerudi muda si mrefu. Niliwasha mashine, nikakaa kwenye kompyuta kupanga jina la zahanati moja. Mashine ilikuwa inasubiri, maana yake taa yake imewaka, mwanga upo ndani, na ile sauti peke yake ndiyo imeuzuia usitoke. Kilikuwepo pia kifuniko cha chuma cha kuziba njia ya mwanga, lakini tuliinunua mashine kimekwama wazi, nami nilishaamua tangu mwanzo kwamba sauti inatosha. Baba mdogo aliinama kukilaza kibao cha shaba chini ya lenzi. Alikuwa amevua miwani ya kijani akavaa ya kusomea, kwa sababu ile ya kijani ilimfichia mistari ya kupimia. Nilimwona akivua. Nilimwona, na sikusema kitu, kwa kuwa alifanya hivyo kila siku.

Kioo kilikuwa kimepata moto. Joto lilipozidi, umeme wake ulijikata ili kisije kikapasuka, na sauti ikakatika. Mwanga uliokuwa umezuiwa ukatoka. Mpigo wa kwanza wa namna hiyo huwa mkali kuliko yote inayofuata. Ukagonga shaba iliyong'arishwa, ukaruka.

Hakupiga kelele. Sikuona chochote, maana hakukuwa na cha kuona. Alisimama wima, akachukua leso yake mfukoni, akaanza kukifuta kibao.

"Hiki kibao kina doa," akasema.

Akafuta tena, kwa nguvu.

"Doa gani hili haliondoki?"

Nikageuka. Kibao kilikuwa kinang'aa, hakina doa lolote. Ndipo nikaiona taa nyekundu kwenye kisanduku kinachopeleka umeme kwenye kioo. Nilirukia swichi kubwa ya ukutani nikazima kila kitu, pamoja na feni na taa, na yeye akabaki amesimama kwenye mwanga hafifu wa mlangoni na leso mkononi, akiuliza kama umeme umekatika tena.

"Ba'mdogo, funga jicho la kushoto. Unaniona?"

Alilifunga kwa kiganja. Akageuza kichwa huku na huku.

"Nakuona mabega," akasema. "Kichwa chako kiko wapi?"

Daktari wa macho alikuwa mama mmoja mpole, chumba chake kipo Upanga, ghorofa ya chini, na nje kuna bajaji zinasubiri wagonjwa. Alimpima kwa saa nzima. Kisha akatuchorea kwenye karatasi. Nyuma ya jicho, alisema, kuna sehemu ndogo kama kichwa cha pini, ndiyo tunayosomea, ndiyo tunayotambulia sura. Hiyo sehemu imeungua. Pembeni kote ni salama.

"Itapona?" nikauliza.

"Tutasubiri uvimbe upungue. Lakini sitaki kuwadanganya. Palipoungua hapaoti tena."

Jicho la kushoto lilikuwa dhaifu tangu utoto wake, alipigwa na mpira wa makaratasi akiwa mdogo, na ndiyo maana alizoea kuinamia kazi upande mmoja. Kwa hiyo alikuwa mtu wa jicho moja wakati wote huo, nami sikuwahi kujua.

Tulipanda bajaji kurudi Magomeni. Nilikuwa nalia kwa namna ambayo dereva alizima redio. Nilimweleza yote: sensa, waya, droo. Nilimwambia nitamweleza na mama mdogo jioni ile ile.

"Hutamweleza," akasema.

"Lazima ajue, ba'mdogo."

"Akijua, atakutazama vipi? Mimi nimepoteza jicho. Yeye unataka apoteze mtoto?" Alikuwa ameuelekeza uso barabarani, kwenye magari ambayo sijui aliyaona vipi. "Tutasema ni sukari. Sukari inaharibu macho, kila mtu anajua. Mjumbe wetu ilimharibu hivyo hivyo."

Nilikubali. Ningependa kuandika kwamba nilibishana zaidi.

Nyumbani alisema daktari amemkuta na sukari, imempiga jichoni, hana haja ya dawa, ni chakula tu. Mama mdogo alikaa kitandani akashika kichwa. Halafu akasimama akaenda jikoni, akachukua kopo la sukari na kopo la asali akayapeleka kwa jirani. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo. Tatizo likiingia nyumbani, alilitafutia kazi ya mikono.

Kuanzia siku hiyo mume wake, ambaye alikuwa anakunywa chai nzito ya maziwa na vijiko vinne, akanywa chai kavu. Wali alipimiwa kwa kikombe. Maandazi, kashata, ndizi mbivu, vyote vikakoma. Mama mdogo alizunguka mtaa mzima akiwaambia majirani wasimkaribishe kitu kitamu hata akiomba. Na yeye alikula alichopewa. Siku moja kule kazini nilimletea chai yenye sukari, nikaiweka mbele yake. Aliinusa, akaisogeza kando.

"Nikila huku na kukataa kule, nitakuwa nimemdanganya mara mbili," akasema. "Mara moja inatosha."

Sensa mpya niliifunga siku iliyofuata ile ajali. Nilibadilisha mirija yote, nikakitengeneza kifuniko kilichokwama, kazi ambayo haikufika hata siku moja kamili. Nilipomaliza niliketi sakafuni kati ya mirija mibovu, nikaukata mmoja kwa kisu nikatazama chumvi ilivyojaa ndani, nyeupe, ngumu kama jino.

Aliendelea kuja. Suruali ilipigwa pasi vile vile. Alijifunza kuona upya. Kwa kuwa katikati ya jicho palikuwa na lile doa, alilazimika kutazama pembeni ya kitu ili akipate. Akitaka kuniona usoni, alitazama sikio langu au ukuta nyuma yangu. Wateja waliomzoea walidhani amekuwa na dharau, anaongea na mtu huku ametazama kwingine. Mmoja alimwambia wazi. Yeye, ambaye zamani angemfukuza, alisema tu, "Samahani, bwana, ndivyo nilivyo siku hizi."

Alijaribu patasi mara moja. Nilikuwa nimetoka kununua shaba, nikarudi nikamkuta mezani, taa ikiwaka, kijiko mkononi. Alikuwa amejaribu kuchonga jina la mama mdogo kwenye kile kijiko. Herufi tatu za kwanza zilikuwa zimekaa moja juu ya nyingine. Hakujua kwamba nimeingia. Alipitisha kidole juu yake taratibu, akapitisha tena, kisha akakiweka kijiko mfukoni na kuzima taa. Nilirudi kwenye ngazi, nikakaa huko mpaka niliposikia anakohoa.

Bibi mmoja wa Upanga, mteja wake tangu mimi nikiwa shule, alikuja na sinia la harusi ya mjukuu wake. Nilipiga picha ile karatasi yake, nikaiingiza kwenye kompyuta, mashine ikaandika. Alipokuja kuchukua alisoma, akasema iko sawa. Kisha akapitisha kidole kwenye maandishi kama baba mdogo alivyofanya na kijiko.

"Fundi, hii siyo mkono wako," akamwambia.

"Hapana, mama. Ni mkono wa binti yangu."

"Ni sawa kabisa," bibi akasema tena, na akafunga sinia kwenye kitambaa. Alikuwa na adabu. Hakurudi tena.

Hali hiyo ilikwenda miaka miwili na miezi kidogo. Asubuhi moja ya Alhamisi baba mdogo aliamka kuswali alfajiri, akarudi kujilaza kidogo, na mama mdogo alipokwenda kumwita kwa chai alimkuta ameshaondoka. Alizikwa siku ile ile baada ya swala ya alasiri. Wanaume walimbeba, sisi tukabaki ndani kwenye mikeka.

Siku ya tatu, baada ya hitima, wanawake walikuwa wanaosha masufuria uani. Mama mdogo alikuwa chumbani kwake amejitanda kanga nyeupe, eda imeshaanza. Shoga yake mmoja alikuwa anamshika mkono, nami nilikuwa mlangoni na birika la chai.

"Mimi ndiye niliyemuua," nikamsikia anasema.

"Usiseme hivyo, dada. Siku zake zilifika."

"Nilimpa halua. Idi ile, nilimwonea huruma, nikampa bakuli zima. Akala huku ananiambia Mungu akubariki. Tangu siku hiyo hakuwa sawa. Sukari ilipanda. Miaka miwili nimeilinda, halafu kwa mkono wangu mwenyewe nikampa."

Aliendelea kurudia maneno hayo, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe. Niliweka birika sakafuni. Nilimwomba shoga yake atupishe kidogo, akaenda zake.

Nikasema yote. Nilianza na sukari, kwamba haikuwepo, haikuwahi kuwepo hata siku moja. Kisha nikamweleza mashine, kioo, mrija, waya. Nilijitahidi nisiseme "ba'mdogo alitaka iwe siri" mpaka mwisho kabisa, na hata hapo nilisema kwa sauti ndogo, nikijua kwamba ninamsingizia marehemu kosa ambalo nusu yake ilikuwa yangu.

Nilidhani nitakuwa nimemwondolea mzigo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kukohoa. Kisha akauliza:

"Hakuwa na sukari?"

"Hapana, mamdogo."

"Kwa hiyo nimemnyima bure." Alisema polepole, kama mtu anayesoma barua. "Miaka miwili mume wangu amekunywa maji ya majani kwa sababu yangu, na hakuwa mgonjwa. Alikuwa anapenda chai yake, unajua? Kilikuwa kitu cha kwanza kuniambia tulipooana, kwamba yeye hana makuu, ila chai."

Nikamshika mguu. Akauvuta.

"Toka," akasema. Hakupandisha sauti.

Nilitoka. Kwa miezi minne na siku kumi hakunipokea. Nilichukua chumba karibu na kazini. Kila asubuhi nilimpelekea jirani samaki kutoka Feri na mboga, na jirani alivipeleka kama vyake. Sijui kama mama mdogo alijua vinatoka wapi. Nadhani alijua. Hakuwahi kurudisha.

Siku aliyotoka eda nilikwenda. Alifungua mlango mwenyewe.

"Shikamoo, mamdogo."

Alisogea kando ya mlango. "Marahaba. Pita."

Alikuwa amekonda. Hakunipa chai wala maji. Aliketi kwenye kiti, nami nikakaa kwenye mkeka kama nilivyokuwa nakaa nikiwa mdogo, nikisukwa.

"Alikulaumu?" akauliza.

"Hapana. Hata mara moja."

"Mimi nakulaumu."

"Najua."

"Siyo jicho. Jicho ni ajali, ulikuwa na haraka, watu wana haraka." Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga. "Ni ile meza. Miaka miwili mmekaa pale mezani wote wawili, mnanitazama napima wali kwa kikombe. Mnatazamana. Na yeye pia namlaumu, Mungu amrehemu. Sasa nimlaumu vipi mtu aliye kaburini? Nakulaumu wewe kwa niaba yenu wote."

Nilimwambia ni haki yake. Akasema haombi nimpe haki. Baada ya hapo tulikaa tu, mpaka adhana ya adhuhuri, akainuka kwenda kutawadha, nami nikaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Mwezi uliofuata alipangisha nyumba ya Magomeni na kuhamia Tanga kwa dada yake. Mimi niliivunja ile mashine. Ningeweza kuiuza ikiwa nzima, watu walikuja kuiulizia, lakini sikutaka mtu mwingine aiwashe. Siku hizi ninatumia mashine ndogo ya mezani isiyohitaji maji, ndani yake kila kitu kimefungwa na hakuna waya wa kuchezea. Vijana wa majengo ya jirani wananiletea zao nizikague. Wananiona mkali sana. Juzi nilikataa kuirudisha mashine ya mtu mpaka aniletee miwani yake niione kwa macho yangu, akaondoka akinung'unika kwamba mama huyu ana roho mbaya. Ijumaa yake alirudi na miwani.

Ijumaa ndiyo siku ninayompigia mama mdogo. Mwanzoni alikuwa anapokea dada yake na kuniambia amelala. Sasa anapokea mwenyewe. Ananiambia mvua imenyesha au haijanyesha, goti limeuma au limetulia. Hajasema amenisamehe, nami sijamuuliza; naogopa jibu, na naona si haki kumharakisha tena mtu yeyote wa nyumba ile.

Ijumaa iliyopita, nilipokuwa naaga, alisema, "Utakuja mwisho wa mwezi?"

"Nikikaribishwa, mamdogo."

"Sijasema umekaribishwa. Nimeuliza kama utakuja."

Nimeshakata tiketi ya basi.